Jibu: Kuhesabu mamba katika mito ya msituni

Ndugu, umeuliza kama idadi ya macho yanayong'aa usiku mtoni inaweza kuchukuliwa kuwa idadi ya mamba waliomo. Haiwezi, hiyo ni idadi ya walioonekana tu, na katika misitu ya bonde la Kongo tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa.

Mwanga wa tochi hurudishwa na utando ulio nyuma ya retina, sehemu ya jicho inayopokea mwanga, ndiyo maana jicho huonekana kama kaa la moto. Lakini mamba mdogo wa msituni, Osteolaemus, ambaye kwa kawaida hazidi mita 2, hupendelea vijito vyembamba, vinamasi na mashimo ya kingoni, na jani moja likikaa kati yenu, basi humwoni. Mvua zikifurika msituni, mamba hutawanyika, hivyo mto uleule utakupa hesabu ndogo bila hata mmoja kufa.

Kwa hiyo andika idadi kwa kila kilomita, ukirudia njia ileile maji yakiwa katika kina kilekile. Jicho ambalo hukulikaribia vya kutosha kujua kama ni la Osteolaemus au la Mecistops, mamba mwingine mwenye pua nyembamba, liandike "macho tu", wala usikisie. Ukitaka idadi yenyewe, itakubidi uwakamate, uwakate magamba ya mkia kwa mpangilio unaompa kila mmoja namba yake, kisha ukamate tena uone ni wangapi kati ya waliokamatwa wana alama: wakiwa wachache, mamba ni wengi. Ila mamba aliyewahi kukamatwa hujifunza kuikimbia tochi, hivyo wenye alama hurudi kukamatwa wachache kuliko inavyostahili, na woga huo huyakuza makadirio kupita kiasi.