Priseti tu, ao nitengeneze likembe yangu mwenyewe?

SWALI: Papa injinia, niko hapa Goma, Katoyi, natengeneza muziki ya makwaya na laptop moja. Natumiaka Vital (programu ya sinti, chombo cha kutengeneza sauti mu kompyuta) na priseti (sauti zilizopangwa tayari) za watu juu ndio zinatoka haraka. Rafiki ananiambia mimi si prodiza, niko mtu wa kubonyeza tu, eti nijifunze kuprogramu chombo kizima. Na kweli likembe yangu (kile chombo cha ndimi za chuma cha kupiga na vidole) inatoka kama simu inaita. Nifanye nini?

JIBU: Mdogo wangu, huyo rafiki anachanganya mambo. DX7, sinti ya klavye ya Yamaha, ilitoka 1983, operateri 6 (vitoa mawimbi), aljoritimu 32 (njia za kuviunganisha), kuiprogramu ilikuwa maumivu ya kichwa hata kwa wenye kuzoea, njo maana ile piano ya umeme unasikia mu nyimbo nyingi za miaka ya 80 ni priseti ya kiwandani, watu walifungua wakapiga. Hakuna aliyeona haya.

Kwa hiyo pedi (sauti ndefu za kujaza nyuma), besi, tarumbeta za sinti, chukua priseti, guza filta (ung'avu wa sauti), ataki (inavyoanza) na rilizi (inavyoisha), punguza besi ya pedi juu gitare besi iko tayari pale chini, halafu sevu na jina lako. Kuanza na zero wakati kwaya inangojea wimbo wa Siku ya Mungu, hiyo ni kiburi.

Likembe sasa ni habari ingine. Kuko ulimi wa chuma, kuko sanduku la mbao, kuko ile mlio wa vipete vinatetemeka, na hakuna mapigo mawili yanayofanana. Sinti inarudilia kitu kile kile, sikio linajua. Hapo usitafute priseti, leta likembe yenyewe na mikro. Rekodi usiku umeme ukiwako, juu ukikatika jenereta za majirani zitaimba pamoja na wewe.

Tuseme ndimi 10, kila moja upige polepole, katikati na kwa nguvu, kila nguvu mara 3, ni sauti 90. Sekunde 5 kila moja, mono, 24 bit, 44.1 kHz, yote haifiki megabaiti 60, laptop yako haitalia. Kuprogramu kwenyewe ni faili ya maandishi tu, SFZ, unaandika na Notepad: key ni noti gani, lovel na hivel ni nguvu ya kidole, seq_length=3 pamoja na seq_position ni ile zamu ya sauti 3. Unafungulia mu sforzando, programu ya kupiga faili za SFZ, ni bure. Usisahau loop_mode=one_shot, juu ulimi wa likembe haunyamazi eti umeachilia klavye, wengi wanaharibikiwa hapo.

Tena usiinyooshe na otochuni (programu ya kunyoosha noti) kwanza. Kama inagongana na piano, sogeza ulimi mmoja mmoja na tune mu faili ile ile ya SFZ, senti (vipande vidogo vya noti) 10, senti 20, ukisikiliza, uache ule unaokubali.

Gitare ya sebene (ile sehemu ya wimbo ya kucheza, gitare inaongoza), hapana, usijaribu hivyo. Tafuta kijana wa mu kartye mwenye gitare, umulipe.