Kabla Hujaongeza Farasi, Pima Mguu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Majanji, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, alinitumia ujumbe: "Mzee, salaam. Nina mashua ya tanga ya futi 20, mashine yangu ni ya farasi 4. Upepo ukigeuka mchana nashindwa kurudi nyumbani. Nimeona 15 inauzwa Kampala, imetumika kidogo tu. Niichukue?"

Farasi, kwa asiyejua, ni kipimo cha nguvu ya mashine; 15 yake ni farasi 15. Nilimjibu neno moja: usiichukue. Usiku sikupata usingizi. Mtu aliyekwisha kuhesabu pesa zake hatoshelezwi na neno moja, na Majanji ndiko mimi mwenyewe nilikofundishwa tanga, na mjomba wangu aliyekuwa akivuka hadi Port Victoria upande wa Kenya bila mashine hata ya kuazima. Kwa hiyo naandika yote, pamoja na yale ambayo kwa miaka mitatu sikutaka kuyasema mbele ya watu wa mwaloni, pale tunapoegesha mashua.

Wengi mnaonisoma mna ndoto kama yangu: mashua yako mwenyewe, tanga lako, na mashine ndogo nyuma ya kukutoa pale upepo unapokufa. Yangu ni ya futi 22, mbao za mvule, na mkuku mzito, yaani uti wa chini wa mashua. Ikiwa na watu wanne na mizigo yao inafika karibu tani moja na robo. Naiweka Kigungu, Entebbe, na kazi yangu ni kupeleka wageni visiwani, mara nyingi Ngamba kwenye sokwe, safari ya kilomita 23 hivi. Miaka sita nilifanya kazi hiyo na mashine ya farasi 4, ya mguu mfupi (mguu ni ile sehemu inayoshuka majini na kubeba propela), kuukuu, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja.

Kilichoniingiza tamaa ni mwezi wa Julai. Mnajua kusi, upepo wa kusini, inavyovuma miezi hiyo. Siku moja nilitoka na wageni wawili kuelekea kusini, mawimbi yakaja ya mbele, na ile 4 ikaanza kulia kama mbuzi aliyefungwa. Kila tezi, yaani nyuma ya mashua, iliponyanyuka, propela ilitoka majini, ikazunguka hewani, ikarudi. Tulisimama palepale nusu saa. Boti za abiria zenye mashine za 40 zikatupita, vijana wakatupungia na kucheka. Nikageuza. Mgeni mmoja akaniuliza kwa upole kama mashine yangu ni nzima. Ule upole wake uliniuma kuliko kicheko cha wale vijana.

Nikasema: nguvu hazitoshi. Hapo ndipo nilipokosea, na kijana wa Majanji anakosea papo hapo. Niliona dalili nikaibandika jina la ugonjwa mwingine. Mashine inayolia hewani haijakosa nguvu. Imekosa maji.

Nikauza ng'ombe wawili, nikaongeza akiba ya ada ya shule ambayo mama watoto alikuwa amenikabidhi niitunze, nikaenda Kampala kwenye duka moja. Muuzaji aliniuliza bei niliyonayo. Hakuniuliza mashua yangu ni ya namna gani, wala inabeba nini, wala ubao wa kufungia mashine uko juu kiasi gani. Nikatoka na 15 ya mipigo miwili (two-stroke), kilo 36, mguu mfupi vilevile. Siku niliyoifunga watu walikuja kuitazama. Nilijisikia nahodha kamili, sitaficha.

Asubuhi iliyofuata ziwa lilikuwa limelala kama kioo. Nikawasha, nikafungua mafuta hadi mwisho, nikatazama simu. Kwa ile 4, kwenye maji kama yale, nilikuwa nikipata kilomita 9 kwa saa. Kwa 15 nikapata 11. Farasi kumi na moja za ziada, kilomita mbili. Tezi ikazama, omo, yaani mbele, ikanyanyuka, nyuma yangu likainuka wimbi kubwa kama ninavuta mtumbwi mwingine, na petroli ikaenda lita 7 kwa saa.

Sababu niliijua baadaye, na nataka uijue kabla hujatoa shilingi. Mashua ya tanga ina tumbo na mkuku. Inakata maji, haipandi juu yake kama boti bapa za abiria. Ikienda inatengeneza wimbi lake, na urefu wa wimbi hilo unakua na mwendo. Wimbi likishalingana na urefu wa mashua, mashua inakaa shimoni mwake, na kila nguvu unayoongeza ni ya kujaribu kupanda kilima ambacho unakijenga mwenyewe. Hesabu yake mabaharia wanayo tangu zamani: chukua urefu wa mashua pale inapokutana na maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa. Yangu ni mita 5.8 kwenye maji. Inatoka karibu 11. Hata ukiifunga mashine ya 40, 11 ndiyo zake, labda na kidogo juu, na tezi ikinywa maji.

Tanga nalo likaharibika. Simaanishi nguo, namaanisha mwendo. Weka kilo 36 za mashine kwenye tezi, tangi la lita 25 pembeni yake, na mimi mwenyewe nimeshika usukani palepale. Nyuma ikazama karibu upana wa kiganja. Mashua iliyokuwa ikipiga bisho vizuri, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa tanga, ikawa nzito kugeuka, inaburuta maji. Matundu ya kutolea maji kwenye tezi, ambayo zamani yalikuwa juu, sasa yalikuwa yanaingiza. Mpwa wangu alinionya mara mbili kwamba kuna maji miguuni. Nikamwambia afue maji, ayatoe nje, kazi iendelee. Yale maneno yangu nayajutia hadi leo.

Miezi minne iliyofuata sina cha kusimulia. Safari zilikwenda, mafuta yaliliwa.

Halafu ikaja ile siku ya Ngamba. Wageni watatu, mume na mke na mama yao mtu mzima, na ndege yao ilikuwa inaondoka Entebbe usiku uleule. Tumetoka kisiwani saa nane na nusu mchana. Juu ya Entebbe mawingu yalikuwa yamesimama meusi, nami nikajiambia nina 15, tutafika kabla yake. Kwa ile 4 nisingethubutu kusema hivyo. Ningekaa kisiwani, ningeomba radhi, ningengoja.

Dhoruba ilitukuta katikati. Upepo ukashuka kutoka nchi kavu, baridi, moja kwa moja usoni, na mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Ilivyokuwa Julai ndivyo ilivyokuwa tena, ila kelele ilikuwa kubwa mara tatu: tezi inanyanyuka, propela inatoka, mashine inapiga yowe, tezi inashuka, maji yanaingia kwa yale matundu. Mara ya ishirini au thelathini yowe likabaki. Propela iko majini, mashine inanguruma, mashua haiendi. Ule mpira wa ndani ya propela, unaoishika kwenye shafti, ulikuwa umeachia. Nilikuwa na farasi kumi na tano zisizosukuma kitu.

Mama yule alikuwa anaomba kwa sauti. Mpwa wangu alikuwa anafua maji bila kuambiwa. Nikazima mashine, nikakunja tanga hadi likabaki theluthi, nikaligeuzia upepo mgongo, tukarudi tulikotoka, tukajificha upande wa kisiwa usio na upepo. Tanga ndilo lililotuokoa, tanga la mjomba wangu wa Majanji, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Tulifika Kigungu kesho yake saa tatu asubuhi. Ndege ilikuwa imekwenda. Mume yule alinilipa fedha zote, hakupunguza hata shilingi, na hakunipa mkono.

Nilirudisha mashine kwenye lile duka. Walinipa chini ya nusu ya pesa yangu, na muuzaji akasema kosa ni la uendeshaji. Bado linanikaa kooni.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa Ggaba, Kampala. Hakuniuliza farasi. Aliuliza, "Mguu wa mashine yako ni inchi ngapi? Na kutoka kwenye ubao wa kufungia hadi kwenye maji ni inchi ngapi?" Sikujua yote mawili, mtu mzima mwenye miaka sita ya kazi. Tukapima. Ubao hadi maji: inchi 12. Mguu mfupi ni inchi 15, kuhesabu hadi kile kibamba kilicho juu ya propela. Kwa hiyo kibamba kilikuwa kimezama inchi 3 tu, ziwa likiwa limetulia. Wimbi la goti linatosha kuitoa propela yote. Mguu mrefu ni inchi 20, na kuna mrefu zaidi wa 25. Kwa ule wa 25, kibamba kingezama inchi 13. Mzee akakunja tepu yake, akasema hana zaidi la kuniambia.

Leo nina mashine ya farasi 6, mipigo minne, mguu wa inchi 25, silinda moja. Sita tu. Ina kilo hazifiki 30. Na jambo ambalo wauzaji hawalitangazi: katika kampuni nyingi, 4, 5 na 6 za mipigo minne ni mwili mmoja na uzito uleule, kwa hiyo ukitoka 4 kwenda 6 tezi haijui. Propela yake ina mkato wa inchi 6, yaani kila ikizunguka mara moja ingesonga inchi 6, kama skrubu ndani ya mbao. Ile ya 15 ilikuwa na mkato mrefu, wa boti nyepesi. Mkato mfupi ni gia ya kwanza ya bodaboda inayopanda mlima na gunia la mkaa nyuma: haina mbio, lakini hairudi. Napata kilomita 10 na nusu kwa saa, kwa lita 2 za petroli. Julai iliyopita nilikwenda kusini dhidi ya kusi ileile, na propela haikutoka majini hata mara moja. Nililia kidogo pale usukanini, mpwa wangu akatazama pembeni.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Pima mguu. Pima mashua ikiwa imepakiwa kama siku ya kazi, na watu ndani, siyo ikiwa tupu ufukweni. Kisha hesabu uzito: kwa kila tani ya mashua na mizigo, farasi 4 zinatosha, ongeza kidogo kwa sababu sisi tuko juu. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mashine inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Plagi zikitoka nyeusi kila mara, mwambie fundi aangalie jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha mafuta. Huenda imewekwa ya pwani. Sogeza tangi na nanga katikati ya mashua. Na pima mguu.

Nina neno pia kwa vijana wa mwaloni, si huyu mmoja tu. Mashine kubwa inabadilisha moyo wa mtu. Inakufanya utazame wingu na kusema nitalishinda. Inakufanya upakie mmoja zaidi. Sote tunaoishi na ziwa hili tunaikumbuka Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilipopinduka upande wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa, wengi hawakuwa wamevaa jaketi za kuokolea. Boti ile ilibeba kuliko uwezo wake. Mimi nilibeba mama wa watu kuelekea wingu jeusi kwa sababu nilikuwa na namba 15 imeandikwa kwenye kifuniko. Wingu likisimama, baki kisiwani. Mgeni akikasirika, akasirike akiwa hai. Vaeni jaketi, na mwenye mashua awe wa kwanza kuvaa.

Kijana wangu wa Majanji: kesho alfajiri, kabla upepo haujaamka, pakia mashua yako kama siku zote, waite wenzako wawili wakae ndani, chukua tepu. Nitumie namba mbili: inchi kutoka ubao wa kufungia hadi majini, na inchi za mguu wa hiyo 4 uliyonayo. Ya tatu, kama utaweza, ni urefu wa mashua pale inapokutana na maji. Mwenye 15 mwambie asubiri hadi Jumatatu.