Wasomaji wanauliza: jiwe jeusi lenye unga wa manjano

*Yaya, jambo sana. Mudogo yangu anafanya kazi ya kreza, kuchimba mine kwa mikono, upande wa Likasi, juzi alirudi na libwe moja nyeusi, kadogo tu lakini nzito kabisa, iko na unga wa manjano pembeni na mahali ingine iko kijani sawa malakita, ile libwe ya shaba. Akaiweka chini ya kitanda kwenye watoto banalala. Moja anasema ni urani ya Shinkolobwe, tuuzishe tupate dola, mwingine anasema tutupe haraka juu italipuka na nyumba yote. Tufanye nini?* (Mama wa Ruashi)

Mama, jambo. Kwanza litoe hilo jiwe chini ya kitanda sasa hivi, ndiyo urudi kusoma. Usiligonge, usilipulize, livalishe sashe (mifuko ya plastiki) mbili, funga, liweke ndani ya kopo yenye kifuniko, nje, mbali na watoto na mbali na maji ya kunywa. Mnawe mikono kwa sabuni. Pale lilipokuwa mpanguse kwa kitambaa chenye maji, msifagie, juu ufagio utarusha ule unga na mtauvuta.

Urani haipimwi kwa macho, inapimwa na mashine ya mionzi, lakini vile unavyolieleza mimi ningelichukua kama urani mpaka mashine iseme hapana. Shinkolobwe ni mgodi ulio pale karibu na Likasi, urani yake iligunduliwa 1915, Wabelgiji wakachimba kwanza kwa ajili ya radiumu, na kulikuwa na mawe yanafika asilimia 65 ya oksidi ya urani wakati nchi nyingi zinachimba udongo usiofika hata asilimia moja. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba pale, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 mpaka New York, na ndiyo hiyo Wamarekani walianza nayo kazi ya bomu.

Ila kulipuka, hapana, toa hiyo woga. Ndani ya urani ya asili ile aina inayopasuka kirahisi, urani 235, ni asilimia 0.7 tu, iliyobaki karibu yote ni 238. Kule Oklo, Gabon, mwaka 1972 waligundua kwamba miaka karibu bilioni 2 iliyopita urani ilijiwasha yenyewe chini ya udongo ikisaidiwa na maji, lakini wakati huo 235 ilikuwa inafika asilimia 3 hivi. Leo imepungua, haiwezekani tena.

Kinachonisumbua mimi ni ile rangi. Ile sehemu nyeusi ni urani iliyopoteza elektroni nne, oksidi ngumu, ndani ya maji haiyeyuki karibu kabisa, inaweza kukaa kwenye mwamba mamilioni ya miaka bila kusogea. Hewa na mvua vikiifikia inapoteza mbili zingine, zinakuwa sita, na hapo atomu ya urani inashikwa na oksijeni mbili, moja huku moja kule, kwenye mstari ulionyooka, kitu wanakemia wanaita uranili. Hiyo ndiyo manjano yako, mama. Inayeyuka, inatembea na maji, inashikana na fosfati na shaba inakuwa kijani. Ndiyo maana watu wa kwetu wanaichanganya na malakita, lakini malakita inakuwa na mistari mistari ya mviringo, na ile ya urani mara nyingi ni vipande vyembamba vya mraba vinavyong'aa, au sindano ndogo ndogo. Shinkolobwe imejaa mawe hayo, mengine dunia iliyajua kwanza kutoka pale, yakapewa majina ya Becquerel, ya Curie, ya Marie Skłodowska.

Unga huo ukimezwa unaharibu figo, hata kabla hujafikiria mionzi. Na jiwe la zamani halina urani peke yake, ndani kuna watoto wake, yaani vitu inavyogeuka kidogo kidogo ikitoa mionzi, kama radiumu, na radiumu inazaa radoni, gazi isiyo na harufu inayojaa kwenye chumba kilichofungwa. Watoto wenu walilala juu yake.

Kuuza, mama, hapana, ni hatari na sheria inakataza. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa dekrii ya rais Januari 2004, na Julai ya mwaka huo huo shimo likaanguka, watu wakafa mule. Mwambieni chifu wa kata au divizio ya mine (ofisi ya serikali ya migodi) waite watu wa CGEA, ofisi ya nchi ya nguvu za atomu, waje na mashine.

*Docteur, niko mwanafunzi wa kemia hapa Unilu. Kama libwe ya Shinkolobwe iko tayari UO2 (oksidi ya urani), na fueli ya santrali ya nyuklia iko UO2, juu ya nini banaipitisha mu asidi na mu gazi halafu banarudia kwa ileile? Na metali haifai?* (Wa Kampemba)

Nimefurahi kwa swali hili, mdogo wangu. Safari yote ile ni kwa ajili ya 235. Wanayeyusha kwa asidi, wanasafisha, wanapata unga wa manjano, wanaurudisha UO2 kwa haidrojeni, wanaupiga na asidi ya florini unakuwa chumvi ya kijani UF4, halafu na florini yenyewe inakuwa UF6, kitu cheupe kinachogeuka gazi kwenye digrii 56 tu bila kupita maji. Na florini asili yake ina isotopu moja peke yake, yaani atomu zake zote zina uzito mmoja, kwa hiyo tofauti ya uzito kati ya molekuli na molekuli inatoka kwenye urani tu: 349 kwa 352. Hiyo tofauti haifiki hata asilimia moja, sentrifuji, mashine zinazozunguka kasi sana, zinaitumia mpaka 235 ifike asilimia 3 mpaka 5. Nikifika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo, naona ni kazi nzuri mno ya binadamu.

Baadaye wanarudi UO2, wanakandamiza unga kuwa pastili kama ncha ya kidole cha mwisho, wanazichoma karibu digrii 1,700 ndani ya haidrojeni, wanazipanga kwenye mirija ya zirikoni.

Metali ya urani inayeyuka kwenye digrii 1,132, na kabla ya hapo inabadilisha mpango wa atomu kwenye 668 na tena 775, inavimba ndani ya reakta, na maji ya moto yanaishambulia. Waingereza waliitumia kwenye reakta zao za Magnox, wakapoza kwa gazi ya kaboni. Oksidi inavumilia mpaka zaidi ya 2,800, na fuwele yake ina nafasi tupu katikati ambamo vipande vya atomu zilizopasuka vinapata pa kukaa. Ubaya wake inapitisha joto vibaya, katikati ya pastili kunaweza kupita digrii 1,000 na pembeni ni 400 hivi, mpaka inapasuka nyufa.

*Kisima yetu iko karibu na mine ya zamani. Nikichemsha maji, urani inaisha?* (Likasi)

Hapana, mama. Radoni itatoka, lakini urani inabaki, na maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inazidi. Kitambaa cha kuchujia hakisaidii pia, juu imeyeyuka. OMS, Shirika la Afya Duniani, inaweka mwisho mikrogramu 30 za urani kwa lita. Mpaka yapimwe, ya kunywa na ya kupikia mchote kwingine, na watoto wadogo msiwatengenezee uji nayo hata siku moja.