Mke wa afande kagonga boda, trafiki kamwachia

Pole kaka. Trafiki kumwachia huyo mama palepale eti mumewe ni afande, halafu wewe uliyegongwa ndo unaambiwa "malizaneni tu", hiyo si busara ya kazi, ni kubebana. Kosa dogo sawa, askari anaweza kuonya akaachia, ila ajali yenye hasara hapana, na katiba ya Uganda ya 1995 kifungu cha 21 inasema wote sawa mbele ya sheria, wake za maafande hawajatengwa pembeni. Rudi kituoni leo, dai namba ya SD, yaani ya kitabu cha kituo wanachoandikia taarifa (usitoke bila hiyo namba jamani), piga picha boda kabla hujaitengeneza, wakikuzungusha peleka malalamiko PSU, kile kitengo cha polisi kinachochunguza polisi wenzao. Na wakikuomba hela ya "mafuta" usitoe.