Ukikosa waridi la The Fairy, tafuta Cécile Brünner

Pole dada yangu wa Shangani, uliyeandika kuwa umeikosa The Fairy. Mimi hapa Mikindani ningechukua Cécile Brünner, waridi la Ufaransa la tangu 1881: kichaka kifupi, maua ya pinki iliyopauka, na tumba lake dogo kama ncha ya kidole, limejiviringa vizuri mno! Ila muulize muuzaji kwa makini, maana ipo ile inayokwea. Hiyo itakufikia paani. Mchanga wetu hauna nguvu, changanya samadi iliyooza. Maji mwagia shinani, asubuhi. Majani yakilala na unyevu, kwa joto hili la pwani, madoa meusi, ule ugonjwa wa waridi, hayakawii. Mvua zilizopita yalinipukutishia kichaka kizima, niliumia sana.