Siku nne kwenye makorongo ya Utah: punguza hifadhi, amka alfajiri

Wageni wangu wengi wanashuka Las Vegas na orodha ndefu ya hifadhi za taifa za Marekani mkononi: Zion, Bryce Canyon, Capitol Reef, Arches, Canyonlands, na wakipata upenyo Grand Canyon pia. Wananiuliza kama siku nne zinatosha. Kufika, mtafika. Barabara ni nzuri na gari halichoki. Lakini mtaziona hifadhi zote jua likiwa utosini, mkiwa na njaa, mkitafuta maegesho pamoja na maelfu ya wengine waliofika saa ileile. Makorongo haya ni ya asubuhi na jioni. Mchana wa saa saba mwamba mwekundu unapauka, kivuli hakuna, na picha zote zinafanana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kukata orodha. Kwa siku nne na usiku tatu, chagua Zion, Bryce Canyon na Capitol Reef, basi. Panga safari ili kila hifadhi uipate alfajiri moja au jioni moja ukiwa tayari umeshalala karibu nayo. Siku ya kwanza toka Las Vegas hadi Springdale, mji mdogo ulio mlangoni mwa Zion, kilomita 260 hivi. Siku ya pili amka na Zion, alasiri endesha kilomita 135 hivi hadi Bryce. Siku ya tatu mawio ukiwa Bryce, kisha barabara namba 12 hadi Torrey, mji mdogo ulio karibu na Capitol Reef. Siku ya nne asubuhi ni ya Capitol Reef, halafu unarudi Las Vegas, saa tano hadi sita za usukani. Kumbuka kwamba Utah iko mbele ya Nevada, jimbo la Las Vegas, kwa saa moja. Ukitoka Las Vegas saa tatu asubuhi, saa tatu hiyo kule ni saa nne, na mpango wa siku ya kwanza unaanza ukiwa umeshapungua.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei, mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Juni hadi Agosti joto ndani ya Zion hupita nyuzi 38 mara kwa mara, na kuanzia Julai mvua za radi za alasiri zinaleta hatari nitakayoieleza chini. Kama ratiba inakuruhusu kuchagua, tafuta siku za karibu na mwezi mwandamo. Bryce na Capitol Reef zote zina hadhi ya kimataifa ya hifadhi zenye anga la giza, na usiku usio na mwezi utaona Kilimia na njia ya maziwa wazi kabisa, bila taa ya mji kuziharibu.

Tuzungumze pesa, hasa kwa wageni wanaotoka nyumbani Kenya, kwa sababu tangu Januari 2026 viingilio vimebadilika. Mkazi wa Marekani mwenye kitambulisho cha hapa ananunua pasi ya mwaka ya hifadhi zote kwa dola 80. Asiye mkazi ananunua kwa dola 250. Akiingia bila pasi katika hifadhi 11 kati ya zile zenye watu wengi zaidi, zikiwemo Zion, Bryce Canyon na Grand Canyon, anatozwa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida, na tozo hiyo ni kwa kila mtu mwenye miaka 16 na kuendelea. Mgeni mmoja tu akipita Zion na Bryce bila pasi ameshatoa dola 200 za nyongeza. Piga hesabu ya familia yako kabla ya kuondoka nyumbani, na usome kwenye tovuti ya hifadhi pasi moja inaingiza watu wangapi. Malangoni tegemea kadi, usitegemee pesa taslimu.

Zion sasa. Kuanzia takriban Machi hadi Novemba, magari binafsi hayaruhusiwi kuingia kwenye barabara ya ndani ya korongo. Unapanda basi la hifadhi, na basi hilo ni bure. Maegesho ya kituo cha wageni hujaa mapema, kwa hiyo kama hoteli yako iko Springdale, liache gari hapo na upande basi la mjini linalokupeleka mpaka mlangoni. Lenga basi la kwanza kabisa la asubuhi. Shuka kituo cha mwisho, Temple of Sinawava, utembee kando ya mto Virgin wakati kuta bado ziko kwenye kivuli na jua linashuka polepole kutoka juu ya genge. Kuta hizo zinafika mita 600. Ni mchanga wa vilima vya jangwa la kale uliogeuka jiwe, na ukiangalia vizuri unaona mistari ya mshazari jinsi upepo ulivyoupanga mchanga kabla binadamu hajawepo.

Wenye ari watataka Angels Landing, ile njia ya ukingoni yenye minyororo. Tangu Aprili 2022 lazima uwe na kibali, na kibali kinapatikana kwa bahati nasibu. Ukikosa, usihuzunike: unaweza kupanda hadi Scout Lookout bila kibali, na mandhari ya pale inatosha.

The Narrows ni sehemu ambayo korongo linabana mpaka mto wenyewe unakuwa ndiyo njia. Unatembea ndani ya maji, juu ya mawe ya mviringo yanayoteleza, ukishika fimbo. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika hifadhi hii, na ndiyo ninayoiogopa. Mwamba mtupu haunywi maji. Mvua ikinyesha mbali, mahali usipopaona wala kusikia radi yake, maji yote yanakimbilia mfereji uleule uliosimama wewe. Septemba 2015 watu saba walikufa ndani ya Keyhole, korongo jembamba la Zion, walipokutwa na mafuriko ya ghafla. Wakenya tunaijua habari hii kwa uchungu: Septemba 2019 watu saba walisombwa ndani ya korongo la Hell's Gate pale Naivasha.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kugusa maji, pita kituo cha wageni usome ubao wa hatari ya mafuriko. Hatari imepangwa kwa ngazi nne, kutoka haitarajiwi hadi inatarajiwa. Mimi ikishaandikwa kwamba mafuriko yanawezekana, siingii, hata kama anga ni jeupe na watu wengine wanaingia. Ukiwa ndani, angalia maji yenyewe. Maji yaliyokuwa maangavu yakianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, vijiti na majani vikianza kuelea, au ukisikia mngurumo kutoka juu, usisubiri kuthibitisha. Panda mahali pa juu palipo karibu nawe, wala usijaribu kukimbizana na maji kurudi ulikotoka. Tena, usinywe maji ya mto Virgin hata ukiwa na chujio: yana vijidudu vinavyotoa sumu ambayo chujio la kawaida haliiondoi.

Kutoka Zion kwenda Bryce pitia upande wa mashariki, kwenye handaki la kilomita 1.8 lililofunguliwa mwaka 1930. Ukitoka upande wa pili ni kana kwamba umebadilisha nchi; majabali yana mistari ya kukatana na gari linataka kusimama kila kona. Simama. Umeshatenga alasiri nzima.

Bryce iko juu, ukingo wake una kati ya mita 2,400 na 2,700 hivi, na hilo lina mambo mawili. Baridi: hata Mei na Oktoba usiku unaweza kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo yule aliyevaa kaptura Zion jana leo anahitaji sweta, kofia na glavu. Na pumzi: njia zote za kushuka kwenye minara ya mawe zinaanza na mteremko, kwa hiyo mlima unakungoja mwishoni, ukiwa umeshachoka. Ukiwa na nguvu, shuka Queens Garden kutoka Sunrise Point na upande kwa Navajo Loop hadi Sunset Point. Saa mbili hadi tatu, polepole, na utapita katikati kabisa ya minara.

Lakini usiwaache wazee hotelini. Kati ya Sunrise Point na Sunset Point kuna njia ya lami iliyo karibu tambarare, chini ya kilomita moja, yenye mabenchi. Nilimpeleka mama yangu mkubwa, ambaye magoti yanamsumbua, tukafika kabla jua halijachomoza. Alijifunika khanga juu ya jaketi, akashika reli, akanyamaza muda mrefu. Mwanga ulipogusa ncha za minara, zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, akaniuliza, "Mwanangu, hawa ni watu?" Wapaiute, wenyeji wa nchi hii, wamesimulia hivyohivyo tangu zamani: kwamba ni watu waliogeuzwa mawe na Koyote, mnyama wa hadithi zao wa jamii ya mbweha, kwa sababu ya matendo yao. Wanajiolojia wanaeleza kwamba maji huingia kwenye nyufa mchana, usiku yanaganda na kutanuka, yanapasua mwamba kidogo kidogo. Kazi hiyo hutokea usiku mwingi sana wa mwaka, na ndiyo maana minara huanguka na mingine kuchongwa hadi leo. Mama mkubwa alizisikiliza habari zote mbili kwa heshima moja.

Barabara namba 12 kutoka Bryce hadi Torrey ni kilomita 185 tu, na simu itakudanganya kwamba ni mwendo wa saa chache tu. Ipe siku nzima. Inapita Escalante, inapanda mgongo wa mwamba mwembamba unaoitwa Hogsback ambako kuna bonde kulia na bonde kushoto na hakuna kingo za chuma, inafika Boulder, kijiji kilichopelekewa barua kwa nyumbu hadi miaka ya 1930, kisha inapanda mlima hadi zaidi ya mita 2,900. Abiria mwenye kuogopa vilele akae nyuma. Dereva asitazame mandhari. Maegesho ya kutazamia yapo mengi. Jaza tangi Tropic au Escalante, pakua ramani kwenye simu mapema maana mtandao unakatika kwa muda mrefu, na maliza safari kabla ya magharibi. Ng'ombe wanatembea huru barabarani, na paa wa huku wanavuka gizani.

Capitol Reef ndiyo hifadhi ambayo watu huiruka, na mimi ndiyo ninayowabembeleza wasiiruke. Wamormoni, waumini wa dhehebu moja la Marekani, walioishi Fruita karne ya 19 walipanda miti ya matunda chini ya magenge mekundu, na hifadhi inaitunza mpaka leo. Cheri, aprikoti, mapichi, peasi, matofaa, kila moja kwa msimu wake. Bustani ikifunguliwa kwa kuchuma, unakula bure ukiwa ndani, na unayotoka nayo unayapima na kulipia. Ngazi na vichumio unavikuta hapohapo. Karibu na barabara kuna michoro iliyochongwa mwambani na Wafremont, watu walioishi hapa zaidi ya miaka 700 iliyopita. Usiiguse, mafuta ya vidole yanaiharibu.

Kila mtu awe na lita nne za maji kwa siku, na nyingine zibaki garini. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo usisubiri kiu. Kunywa, na ule kitu chenye chumvi. Mimi hubeba deli lenye barafu, chapati na nyama iliyokaangwa kavu, kwa sababu vijiji hivi vina migahawa michache, ya bei, na mingine hufunga mapema. Unapotembea, baki kwenye njia. Ule udongo mweusi wenye vinundu unaouona pembeni ni hai. Viumbe vidogo vimeushikamanisha ili upepo usiubebe, na hatua moja ya kiatu huchukua miaka mingi kupona.

Mgeni atakayeshika usukani aje na leseni ya nyumbani pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, na umpe saa moja ya mazoezi mjini kabla ya kumwachia barabara kuu, kwa sababu huku tunaendesha kulia.

Ukipata wiki nzima, ongeza Moab, kilomita 240 hivi kutoka Torrey, ulale hapo kwa ajili ya Arches na Canyonlands, kisha upande ndege Salt Lake City badala ya kurudi Las Vegas. Uliza mapema gharama ya kuliacha gari mji mwingine, maana mara nyingi ndiyo inayoshangaza watu. Arches imewahi kudai tiketi za muda maalumu wa kuingia, na utaratibu hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo kagua tovuti yake kabla hujalipia hoteli. Na kama mtapitia Page, mji wa jimbo la Arizona, kwa ajili ya korongo la Antelope Canyon, hapo ni ardhi ya Wanavajo: pasi ya hifadhi za taifa haifanyi kazi, na huingii bila kiongozi wao. Nafasi zake, pamoja na vyumba vya Springdale, ndivyo vya kwanza kulipia mapema. Vingine vyote vinaweza kusubiri.