Kabla hujasaini mkataba wa sauti

Anayeishi kwa sauti yake, awe msomaji wa matangazo, wa vitabu vya kusikiliza au mwigizaji wa katuni, asianze kwa kuuliza kama akili mnemba itamnyang'anya kazi. Aanze na mkataba ulio mkononi. Sauti haihitaji kuibwa. Inaweza kuondoka kwa saini ya mwenyewe.

Tafuta kwanza sentensi inayosema rekodi zitatumika "kwa njia yoyote, kwa teknolojia iliyopo na itakayobuniwa, duniani kote, milele". Zamani maana yake ilikuwa tangazo la redio kurushwa pia kwenye televisheni. Leo mteja anaweza kuishika hiyo hiyo, akailisha mashine faili zako, nayo ikasoma maneno ambayo hukuyatamka. Ikatae. Kisha tenganisha mambo matatu: kurekodi, kufunza mashine, na kutengeneza nakala ya sauti, kila moja kwa ridhaa na malipo yake. Kwa nakala, taja mradi, lugha, muda, na nani anaidhinisha maneno kabla hayajatoka. Ukisahau hilo la mwisho, usishangae kujisikia ukimpigia debe mgombea usiyemjua.

Kifungu cha kufuta ndicho huandikwa vibaya. "Mteja atafuta rekodi mkataba ukiisha" hakitoshi, kwa sababu mashine iliyokwisha kufunzwa haisahau eti kwa kuwa rekodi zimefutwa. Andika kwamba modeli, yaani mashine hiyo iliyofunzwa kwa sauti yako, nayo itafutwa, na uthibitisho wa maandishi uletwe ndani ya siku 30.

Hakimiliki peke yake haikutoshi: kwa kawaida hulinda rekodi, si sauti yenyewe. Ndiyo maana jimbo la Tennessee, Marekani, lilitunga sheria ya kulinda sauti mwaka 2024. Mwaka mmoja kabla, waigizaji wa SAG-AFTRA, chama chao cha wafanyakazi huko Marekani, waligoma siku 118, na ridhaa ya nakala za kidijitali ilikuwa miongoni mwa madai yao.

Na sampuli za sauti unazoweka hadharani kutafuta kazi je? Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha programu inayoiga sauti kwa kusikia sekunde 3 tu, kwa hiyo kufupisha sampuli hakukufichi. Muziki wa chini nao siku hizi huondolewa kirahisi. Unachoweza ni kuwanyima waigaji ubora: hadharani weka MP3, faili iliyobanwa, ya sekunde 30 hadi 60, na WAV safi, faili zenye ubora kamili, zitoke baada ya kusaini. Mteja akiomba "majaribio" ya sentensi mia mbili zisizohusiana, zilizojaa maswali na tarakimu, hayo si majaribio ya tangazo. Hizo ni data za kufunzia, mtajie bei yake.